Pindo la Vidole Vinne

Kwako mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako anayekukumbuka kila siku. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua hakikubani tena kwa vumbi la saruji la huko unakojenga, na unakula ukashiba. Sisi huku tu wazima wa kutembea na kufanya kazi. Baba hajambo, ila mkono wa kulia bado unamtetemeka na hataki uonekane, kwa hiyo siku hizi anauweka mfukoni kama mtu anayeficha peremende. Shemeji yako hajambo, amepata nyumba ndefu ya kupaka rangi upande wa juu wa mji na anarudi jioni akiwa na nyusi nyeupe kama babu. Mwanangu Bosi naye hajambo kupita kiasi. Ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anatutolea amri sisi watu wazima, ila sasa amri zake zinatoka na upepo. Mama Mkasi, fundi mwenzetu ambaye sasa ndiye anayekata vitambaa badala ya Baba, anakusalimu sana na anasema umekonda, ingawa hajakuona.

Barua yako ilifika Jumatatu. Tangu ulipozima simu miezi saba iliyopita nilikuwa nimeshajizoeza kutotazamia kitu, kwa hiyo nilipouona mwandiko wako juu ya bahasha niliupitisha kidole kwanza kuhakikisha ni wako. Niliificha kwenye droo ya vifungo mpaka wateja walipopungua. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa, na mara ya tatu nikampa shemeji yako anisomee kwa sauti, maana humo kuna maneno ambayo mimi na darasa langu la saba hatukuwahi kukutana nayo. Kwenye neno udhanaishi tulikwama wote wawili. Shemeji yako, si unamjua hakubali kushindwa, akasema hiyo itakuwa aina ya rangi ya mafuta. Nikaenda kumuuliza Mama Mkasi. Akafikiri, akasema kwa jina hilo lazima ni ugonjwa wa kifua, nikuandikie ujifukize. Nilicheka, mdogo wangu, nilicheka hadi machozi. Halafu nikaendelea kusoma mstari wa chini yake, kicheko kikanikauka.

Umeniandikia kwamba hurudi tena chuo cha dini. Kwamba umesoma miaka mitatu habari za binadamu, ametoka wapi, yupo kwa ajili ya nini, na kama kuna chochote ng'ambo ya haya tunayoyaona. Na siku uliposimama mbele ya sanduku ambalo lingetosha juu ya meza yetu ya kukatia na nafasi ikabaki, hukukuta hata neno moja kinywani mwako. Umeniomba radhi kwa kutuaibisha. Umesema walimu wako wanafundisha kwamba mtu ni kiumbe anayejinyoosha kupita pale alipo, na kwamba wewe umechoka kujinyoosha, kwa sababu huna hakika kama upande wa pili kuna mkono. Kisha ukaniuliza swali ambalo nimeshona nalo wiki nzima. Umeuliza ninawezaje kuamka, kusali na kukaa kwenye cherehani kama zamani. Je, ninaamini, au nimezoea tu?

Na pembeni kabisa, kwa maandishi madogo, umeandika kwamba siku ile uliona kitu ambacho hutaniambia, usije ukanizidishia maumivu.

Nitakujibu. Elimu ya kukujibu sina, lakini kuna jambo ninalo na nimelificha miezi saba. Niache nilifikie polepole kama ninavyojua mimi, na univumilie nikirudia hata yale unayoyafahamu, kwa sababu nadhani tuliyaona kwa macho tofauti.

Unakumbuka tulivyolelewa. Watoto wengine walijua harufu ya nyumba yao, sisi tulijua harufu ya pasi juu ya kitambaa kipya. Wewe ulikaa chini ya meza ya kukatia, ukichezea vipande, na kutoka huko chini yakatoka maswali. Ulikuwa na miaka sita ulipomuuliza Baba mtu kabla hajazaliwa anakuwa wapi, na huko anakuwa amesimama au amekaa. Baba alikuwa na pini mdomoni, akaziondoa moja moja, akasema huyu si mtoto, huyu ni maswali. Jina likakukaa. Mimi nilikuwa Sindano kwa wembamba na kwa kazi, wewe ukawa Maswali, na ilipofika wakati wa mmoja wetu kuendelea na shule nyumbani hakukuwa na ubishi. Sikulalamika wala silalamiki leo. Nilijiambia Maswali akaulize kwa niaba yetu sote.

Na unaikumbuka sheria ya Baba. Nguo ya mtoto haitoki dukani mwake bila pindo la vidole vinne. Mteja aseme asemavyo, aseme sketi inakuwa nzito, aseme kitambaa kinapotea, Baba analaza vidole vyake vinne chini ya gauni, anakunja, na anashona kwa mishono mirefu ya kulegea ili mwakani mama mtu akae na wembe tu aifumue. Nguo ya mtu mzima huiwekea kidole kimoja, cha kufunga kazi. Mtu mzima ameshafika, ndivyo anavyosema. Nasi tukajua kusoma watoto wa mtaani kwetu kwa nguo zao. Gauni likishushwa, pale lilipokuwa limekunjwa panabaki mstari, na chini ya mstari kuna rangi iliyokoza kwa sababu jua halikuwahi kuifikia. Mtoto mwenye mistari miwili, tulijua huyo ana miaka mitatu na nguo hiyo. Mimi mikono yangu ilijifunza pindo hilo kabla sijajua kuandika jina langu sawasawa. Hata nikiwa naongea, hata nikiwa nasinzia, ikifika chini ya nguo ya mtoto vidole vinne vinajilaza vyenyewe.

Alipozaliwa Kitone, mdogo wake Bosi, wewe ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Ulimwona mara nne tu. Kwa hiyo kuna siku moja huijui. Siku hiyo daktari wa moyo alituketisha mimi na shemeji yako kwenye chumba chenye kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akatuchorea moyo kwenye karatasi, akachora na tundu. Alikuwa mtu mwema, aliongea taratibu. Alisema tundu liko mahali pabaya, kulishona hawawezi, na kwamba tujiandae, miaka mitatu hataivuka. Mimi nilibaki kwenye lile neno kulishona. Nilitoka pale nikifikiri maisha yangu yote nimeshona, na penye tundu moja dogo kuliko kifungo siwezi kufika.

Nilirudi kazini. Kitone alikuwa na miezi kumi, anashindwa hata kuinua mguu akiwa amevaa gauni zito. Nikamwambia Baba, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba nguo za huyu mtoto tusiziwekee tena pindo, zinamlemea, na daktari amesema hivi na hivi. Unajua Baba hapandishi sauti. Siku ile alipandisha. Alisema yeye hajawahi kushona nguo ya mtoto ya kumalizia, na hataanza na mjukuu wake. Mama Mkasi akainamia meza kana kwamba amepoteza sindano. Kisha Baba akakaa, akachukua kitambaa chepesi kuliko vyote vilivyokuwemo, kile laini cha kushonea bitana, akamshonea Kitone gauni jepesi kama karatasi. Chini yake akalaza vidole vinne. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka na mishono ilikwenda upande, lakini pindo lilikuwa pale.

Nataka ujue pia kwamba tulilishusha. Alipotimiza miaka miwili nilikaa naye mlangoni, nikafumua uzi, na yeye akawa anauvuta kwa kucheka, midomo yake ya buluu kama aliyelamba wino. Nilipomvalisha, mstari ukaonekana. Mstari mmoja. Nilimpeleka mtaani kwa makusudi, nikampitisha mbele ya duka la mkate na mbele ya wale wanawake wanaokaa kwenye ngazi, ili wauone. Mwanangu alikuwa na mstari kama watoto wengine.

Aliondoka akiwa na miaka miwili na miezi minane. Haya unayajua. Alilala mchana baada ya kula, kichwa chake juu ya marobota ya kitambaa cha sare, na nilipomaliza kola niliyokuwa nashona nikainama kumgeuza. Niliimaliza ile kola, mdogo wangu. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho: kwamba nilikuwa nanyoosha ncha ya kola wakati yeye anakwenda.

Wewe ulifika kesho yake asubuhi, umevaa joho lako la chuo alilokushonea Baba. Kila mtu alifurahi kukuona, kama inaruhusiwa kusema kufurahi siku kama hiyo. Wazee walisema nyumba hii angalau ina mtu wa kuisemea. Walikuomba uombe nyumbani kabla sanduku halijafungwa, na uyasome maneno makaburini. Ukakubali.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda upande wa miguuni pa Kitone. Ukaja ukasimama karibu nami. Gauni lilikuwa limejikunja kidogo chini, nawe ukainama ulinyooshe, kama ambavyo mtoto yeyote wa fundi angefanya. Ukaweka kidole. Ukabaki umeinama. Watu walidhani unaomba, hata baba mkwe akasema amina. Ulipoinuka uso wako ulikuwa umebadilika, ukanitazama haraka na ukatazama pembeni. Na makaburini ukafungua kitabu, ukakifunga, ukakifungua tena. Tulisikia upepo tu, na mtu mmoja nyuma akikohoa. Mwishowe mzee jirani akasoma badala yako. Ukarudi nyumbani kabla yetu, na sisi tulipofika tulikuta joho limekunjwa vizuri juu ya kiti na wewe umeshaondoka na shati tu.

Baba alisema maneno makali, sitayaficha. Alisema ametumia macho yake miaka mitatu kumsomesha mtu anayemkimbia mtoto mdogo. Mimi nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha. Wangejua nilichokijua, wasingekulaumu wewe.

Sasa swali lako. Nianze na nusu iliyo rahisi. Ndiyo, nimezoea. Kusali kwangu siku nyingi ni kama mguu wangu kwenye cherehani, unakanyaga wenyewe huku mimi niko kwingine. Kuna wiki sikusali kabisa. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kutua, maana huwezi kumkasirikia mtu ambaye huna hakika kama anakusikia, nami nilikuwa nimemkasirikia sana. Nilirudia kusali kwa sababu Bosi aliniuliza mbona nimeacha, na sikutaka kumweleza. Kwa hiyo ukiniuliza siku ya kawaida, saa ya kawaida, nitakuambia nimezoea tu, na sitakuwa nimekudanganya sana.

Lakini kuna asubuhi moja haikuwa ya kawaida.

Gauni lile nililishona mwenyewe, asubuhi ya maziko. Nguo zake zote zilikuwa zimeshavaliwa, nami nilitaka moja mpya. Nilikuwa na kitambaa nilichokiweka juu ya kabati kwa miezi, cheupe kama maziwa chenye nukta za buluu, nilichokinunua kwa ajili ya siku ambayo angetimiza miaka mitatu. Ndiyo, baada ya daktari kusema. Nilikinunua na kukiweka juu na sikumwambia mtu. Mama Mkasi akakikata, mimi nikashona. Baba hakuweza kuingia, alikaa nje kwenye ngazi. Nilishona bila kulia, nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona, mabega yakakaa, mikono ikakaa. Nilipomaliza nikalikung'uta, na Mama Mkasi akalishika chini. Kisha akalikandamiza kwa vidole vyake na kunitazama.

Vidole vinne. Mishono mirefu, ya kulegea. Mikono yangu ilikuwa imemwekea pindo la kukua.

Mama Mkasi, ambaye mdomo wake hauna breki, siku ile aliongea kama anaongea na mgonjwa. Alisema si kitu, mwanangu, ni mazoea, mtu yeyote angefanya hivyo. Akasema kitambaa hicho chini kinalivuta gauni, halitalala vizuri, hebu likate na ulifunge kwa kidole kimoja, ni kazi ya dakika tano. Akaniwekea mkasi mkononi.

Nimekaa na hili miezi saba na sijamwambia hata shemeji yako. Nilikuwa na zile dakika tano. Nilimwambia Mama Mkasi hakuna muda, watu wanangoja. Ulikuwa uongo. Wewe ulikuwa bado hujafika, sanduku lilikuwa bado kwa seremala, tulikuwa na zaidi ya saa moja. Nilishika mkasi, nikaupanua, nikaweka ubavu wake chini ya pindo, na sikukata. Nilifikiri: nikikata hapa, mimi mama yake ndiye nitakayekuwa wa kwanza kusema kwamba amefika. Daktari alisema, watu walisema, lakini mkasi wangu ulikuwa haujasema. Nikauweka mezani. Nikalipiga pasi lile pindo, taratibu, likanyooka.

Kwa hiyo hicho ulichokiona, mdogo wangu, nakijua, na hukunizidishia chochote. Najua pia ulichodhani. Ulidhani dada yako amechanganyikiwa kwa uchungu, ameshona nguo ya kaburini kama nguo ya shule, na hajui. Ulidhani umeona jinsi tulivyo, watu wa kukunja kunja vitambaa kwa ajili ya siku ambayo haipo, na maneno yote ya vitabu vyako yakakutoka. Kama ni hivyo, basi aliyekunyang'anya maneno ni mimi. Nisamehe. Ningekuambia siku ile ile ningekuponya na aibu, lakini niliogopa ungeniuliza kwa nini, na sikuwa na la kusema.

Hata leo sina la kutosha. Nijuacho ni kwamba kukunja lile pindo yalikuwa mazoea. Kuliacha hayakuwa mazoea. Kama hiyo ndiyo kuamini, basi niliamini kwa muda wa pasi moja, na tangu siku hiyo ninaishi kwa hilo, siku nyingine kidogo, siku nyingine halipo kabisa nalitafuta.

Sasa na mimi nina swali kwako, na si langu, ni la mpwa wako. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga nguo za Kitone ili tumpe jirani aliyejifungua. Bosi akalishika lile gauni jepesi lenye mstari, akauliza huko aliko mdogo wake anaendelea kukua, au amebaki vile vile. Akaongeza kwamba kama anakua, basi atahitaji mtu wa kumfumulia pindo, na yeye ana wasiwasi kama huko kuna mtu anayejua. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu gauni la maziko. Nilienda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Vitabu vyako vinasemaje? Nauliza kwa dhati. Katika miaka hiyo mitatu kuna mwalimu hata mmoja aliyeuliza kama watoto wanakua huko? Kama yupo, niandikie alisema nini, kwa maneno ambayo hayatampa Mama Mkasi nafasi ya kutibu mtu. Na kama hakuna, niandikie hakuna, nitalivumilia. Lakini mtu lazima aende akatafute, na katika ukoo wetu huu ni wewe peke yako uliyefundishwa njia. Usiseme kwamba siku ile ulikosa neno kwa hiyo hufai. Mimi nilikuwepo. Mzee jirani aliyasoma maneno yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na silikumbuki hata moja. Kimya chako ndicho ninachokikumbuka. Kilikuwa na urefu wa Kitone.

Limebaki jambo moja. Jumatano nilimkuta Baba peke yake kwenye chumba cha kushonea, amekaa karibu na dirisha, na juu ya magoti yake kuna joho lako. Alikuwa akifumua chini kwa wembe, mkono ukitetemeka, amekunja uso kama anayesoma maandishi ya mbali. Nikamuuliza kulikoni. Alisema siku ya maziko aliona linakupwaya mabegani na limekupandia juu ya vifundo vya miguu, umerefuka bila ruhusa ya mtu. Akasema hawezi kuacha nguo aliyoshona yeye imvae mtu vibaya hadharani, basi, ni hilo tu, nisimtafutie maneno.

Nikamwambia joho ni nguo ya mtu mzima, atashusha nini, si lina kidole kimoja. Alivuta uzi mwingine. Alipokwenda kunawa mikono nikaliinua. Uzi ulikuwa umeshatoka nusu, mishono mirefu, ya kulegea, na kitambaa kilichofunguka kilikuwa cheusi zaidi kuliko kilicho juu yake. Nikalaza mkono wangu pale.

Vinne. Alikuwekea vinne tangu siku ile unaondoka kwenda mwaka wa kwanza, na hakumwambia mtu.

Ameshamaliza kulishusha na nimelipiga pasi mimi. Linaning'inia nyuma ya mlango, na mstari unaonekana kidogo ukiinama. Nilimuuliza kama nikutumie kwa posta pamoja na barua hii. Alisema fundi hatumi nguo ambayo haijajaribiwa. Nikuandikie tu kwamba nguo yako iko tayari, uje uijaribu, duka liko wazi kila siku isipokuwa anapokwenda hospitali kuonyesha mkono. Wewe unamjua. Hayo ndiyo maneno yake yote, na aliyasema akiwa ameangalia dirishani.

Sasa naishia hapa maana karatasi imeisha na Bosi ananiamuru nikapike. Shemeji yako anakusalimu, anasema kuna ukuta mrefu unamhitaji mtu mrefu. Mama Mkasi anasema ujifukize hata kama huumwi. Bosi anangoja jibu lake na amesema liandikwe kwa herufi kubwa ili asome mwenyewe. Baba hajatuma salamu, lakini jana aliuliza mara mbili kama posta inafungua Jumamosi.

Jikinge na vumbi, kula, na ukipata nafasi washa simu hata kwa dakika moja. Mungu akutunze huko uliko. Leo nimelisema hili kwa kinywa na kwa moyo, vyote viwili.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Sindano
mama wa Bosi na Kitone.